Uso wa Paka, Maneno ya Watu

Paka aliyeitwa Tardar Sauce alizaliwa tarehe 4 Aprili 2012 katika mji mdogo wa Morristown, jimbo la Arizona, Marekani. Alikuwa kibeti tangu kuzaliwa, na umbo la taya lake lilifanya pembe za mdomo zishuke, mithili ya mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. Tarehe 22 Septemba mwaka huohuo, kaka wa mwenye paka aliweka picha yake mtandaoni. Wengi walidhani picha imechezewa kwenye kompyuta, ikabidi familia ipandishe video kuthibitisha kwamba mnyama yupo na sura yake ndiyo hiyo. Haikuchukua muda dunia ikampa jina jingine, Grumpy Cat, yaani paka aliyenuna.

Kununa huko kulizaa utajiri. Vitabu, midoli na vikombe vilitoka na sura yake. Mwaka 2014 ikaja filamu ya Krismasi, na mwaka uliofuata jumba la sanamu la Madame Tussauds mjini San Francisco likamtengenezea sanamu inayojongea. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamua kwamba kampuni moja ya vinywaji iliitumia sura hiyo kupita mipaka ya mkataba, ikatakiwa kulipa dola 710,001. Paka mwenyewe alikufa tarehe 14 Mei 2019, na magazeti makubwa yakachapisha tanzia yake.

Lakini hakuwa amenuna. Waliomlea walieleza mara nyingi kwamba alikuwa mpole, mtulivu, anayependa kubebwa. Pembe za mdomo zilishuka kwa sababu ya mifupa. Hasira ambayo mamilioni ya watu waliiona ilitoka kwao wenyewe.

Hapo ndipo mhadhara huu unaposimama. Watu huuliza kwa nini paka amekuwa mfalme wa vichekesho vya intaneti, kisha wakajibu kwamba ni mzuri, ana manyoya laini, anachekesha. Majibu hayo hayatoshi. Sungura ana manyoya laini, na mbuzi mdogo anaruka kwa namna ya kuchekesha kuliko paka yeyote. Kichekesho cha paka kinakaa katika maneno ambayo watu humtilia mdomoni, na sanaa hiyo ya kuitilia picha maneno ni sanaa ambayo Waswahili wameifanya kwa zaidi ya karne moja, picha nyingine zikiwa zimefungwa kiunoni.

Kwanza, uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walitangaza matokeo ya jaribio lililowashirikisha zaidi ya watu 6,300 kutoka nchi 85. Kila mmoja alionyeshwa vipande 20 vya video vya nyuso za paka, na kwa kila kipande akaulizwa: paka huyu yuko katika hali njema au mbaya? Wastani wa majibu sahihi haukufika 12. Mtu anayerusha sarafu hewani angepata 10. Ni asilimia 13 tu waliojibu sawasawa maswali 15 au zaidi. La kustaajabisha ni kwamba kufuga paka nyumbani hakukusaidia sana. Aliyelala na paka miguuni miaka kumi alikosea karibu sawa na asiyewahi kumfuga.

Mwaka huohuo watafiti wengine, wakiongozwa na Juliane Kaminski wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana msuli wa kuinua nyusi upande wa ndani, msuli ambao kwa mbwa mwitu ni hafifu mno. Kuishi na binadamu kumempa mbwa uso unaosema. Mbwa akihuzunika, mtoto wa miaka mitatu atajua. Paka naye anatazama tu. Anaweza kuwa anawaza dagaa, au deni, au hatima ya ulimwengu. Uso wake ni karatasi tupu, na karatasi tupu humwita mwenye kalamu.

Sasa tuitazame doti ya kanga. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina: mstari mmoja wa maneno. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, anatajwa kuwa miongoni mwa waliolifanya jina hilo kuwa sehemu ya lazima ya vazi. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Jambo la kuangaliwa ni uhusiano wa picha na maneno. Mara nyingi hakuna. Katikati kuna korosho, au embe, au ua lisilo na jina. Chini kuna kijembe kinachomhusu jirani. Aliyevaa hasemi kitu. Anapita tu na ndoo yake kuelekea bombani, na jirani anasoma.

Picha iliyotulia, maneno yanayochoma, na mwenye ujumbe ambaye hajafungua kinywa. Hivyo ndivyo inavyoundwa ile picha ya mzaha ambayo vijana wa leo huiita meme, neno lililobuniwa na mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976 kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachoigwa. Mama wa Mombasa au wa Ng'ambo, Unguja, hakumhitaji Dawkins. Alijua kwamba maneno hupata makali yanapowekwa chini ya kitu kisicho na hatia, na kwamba mlengwa akikasirika, jibu liko tayari: mimi nimenunua nguo tu, shoga.

Paka naye si mgeni katika nyumba hizo. Katika mwambao wa Kiislamu mbwa hubaki uani, lakini paka hulala kwenye mkeka. Sahaba aliyesimulia hadithi nyingi kuliko wote za Mtume anajulikana kwa jina la Abu Huraira, baba wa kipaka, na mafundisho yanamweka paka nje ya najisi, miongoni mwa wanaozungukazunguka ndani ya nyumba za watu. Ndiyo maana methali zinamzungumzia kama mtu wa ukoo. Paka wa nyumba haingwa. Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Mtu anayepona kila ajali husemwa ana roho ya paka. Na ipo ngano inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ya paka aliyekuwa akimtafuta shujaa wa kuishi naye. Alimfuata kila mnyama mkubwa hadi akashindwa na mkubwa zaidi, mwisho akamfuata mwindaji mpaka kwake. Mlangoni akamwona mwindaji anagombezwa na mkewe, naye kimya. Paka akapita moja kwa moja hadi jikoni, akajilaza karibu na mafiga. Hajatoka tena.

Ngano hiyo haina neno hata moja linalotoka kinywani mwa paka, na wasikilizaji hucheka hapohapo, pale anapojilaza.

Huko Ulaya, sanaa ya kuandika chini ya paka ilianza na kamera. Katika miaka ya 1870 mpiga picha wa Brighton, Uingereza, Harry Pointer, alikuwa akitengeneza kadi ndogo za picha za paka. Za kwanza zilikuwa za kawaida: paka anakunywa maziwa, paka amelala kikapuni. Kisha akaanza kuwapanga kama watu, mmoja juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, mwingine mbele ya kamera. Mauzo yalichangamka zaidi alipogundua kuweka maneno, salamu za mwaka mpya au mzaha mfupi. Kufikia mwaka 1884 alikuwa na picha takriban 200 za namna hiyo, na watu walizituma kwa jamaa zao kama leo mtu anavyomtumia shangazi stika ya WhatsApp alfajiri ya Idi. Kule Marekani, Harry Whittier Frees akaja kuwavalisha paka magauni na kofia kwa ajili ya kadi za posta.

Sinema nayo haikuchelewa. Mwaka 1894, katika studio ya Thomas Edison huko New Jersey, walirekodiwa paka wawili wa sarakasi wakipigana ngumi na glavu mikononi, ndani ya ulingo mdogo. Filamu zilikuwa zimeanza juzi tu, na tayari paka yumo. Hali ikajirudia karne moja baadaye: YouTube ilipozaliwa mwaka 2005, mmoja wa waanzilishi wake, Steve Chen, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupandisha video ya paka, na paka alikuwa wake mwenyewe, aitwaye Pajamas. Miaka saba baadaye wataalamu wa Google waliunganisha vichakataji 16,000 wakavilisha picha milioni 10 zilizochotwa katika video za YouTube, bila kueleza picha zina nini. Mtambo ukajifunza wenyewe kutambua umbo lililorudiarudia. Lilikuwa uso wa paka. Umbo mtambo uliliona. Jina lake ulilikuta kwa watu.

Mwaka ulioleta mageuzi ya kweli katika lugha ya paka ni 2007. Mwezi Januari, Eric Nakagawa na Kari Unebasami wa Hawaii walianzisha tovuti kwa sababu ya picha moja: paka mnene wa kijivu, macho juu, uso umejaa matumaini, na maneno yanayoomba baga kwa Kiingereza kilichovunjika viungo. Kabla mwaka haujaisha tovuti ikauzwa kwa dola zipatazo milioni mbili. Kiingereza hicho cha paka kikawa na kanuni zake. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Adam Lindsay, hata alitunga lugha ya kompyuta inayofuata kanuni hizo, ambamo programu huanza kwa salamu na kumalizika kwa kushukuru na kuaga.

Kichekesho kile hakihamishiki kwenda Kiswahili, na sababu yake inafaa kukaa nayo kidogo. Kiingereza kinachekesha kikivunjwa tahajia, kwa kuwa tahajia yake ni mzigo ambao kila mwanafunzi aliubeba kwa jasho. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ukivunja tahajia umeharibu tu. Kwa hiyo Mswahili anayetia maneno kinywani mwa paka hupitia mlango mwingine, ule wa rejista. Humpa paka sauti ya mtu anayejulikana. Paka aliyelala chali kwenye kochi anaweza kusema kama mjomba wa bara aliyekuja kwa siku mbili na leo ni wiki ya tatu: "Hivi chakula cha mchana leo kimekwama wapi?" Paka yuleyule, picha ileile, anaweza kuwa mwenyekiti wa kikao cha harusi: "Wajumbe, naona michango inasuasua." Akikodoa macho dirishani anakuwa mama mwenye nyumba tarehe mosi. Anayecheka anaitambua lafudhi kabla hajaitambua picha. Anamwona mjomba wake.

Hii ndiyo sababu vichekesho vya aina hiyo vya Dar es Salaam huhitaji maelezo vikifika Lubumbashi, na vya Nairobi hupungua ladha vikifika Pemba. Paka hana mpaka, maneno yanao.

Wakati mwingine uso ulio kimya ni wa mtu. Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walipanga foleni kupiga kura katika uchaguzi uliokuwa na joto kubwa. Katika mstari mmoja jijini Nairobi mtu alipigwa picha akila githeri kutoka katika mfuko wa plastiki, ametulia kabisa, mawazo yote yako kwenye mahindi na maharage. Wakenya wakamkata katika picha ile na kumpeleka kila mahali: mikutanoni na viongozi wa dunia, katika mabango ya sinema, ndani ya ndege. Wakamwita Githeri Man. Kabla mwaka haujaisha alipewa nishani ya taifa na Rais Uhuru Kenyatta. Nchi nzima ilikuwa imeshika roho mkononi, na huyu mmoja alikuwa na uso wa paka. Kila aliyeandika neno chini yake alikuwa akiutua mzigo wake mwenyewe.

Kuna upande wa paka usiohitaji maneno, nao ni boksi. Paka wa Kijapani aitwaye Maru, aliyezaliwa mwaka 2007, alijulikana duniani kwa kazi moja tu, kujitumbukiza katika maboksi, yakiwemo ambayo kwa macho ya kawaida hayakumtosha. Anakimbia, anateleza kwa tumbo, anaingia, anabaki humo. Wanasayansi walilichukua jambo hilo kwa uzito, na walifanya vyema. Mwaka 2014 Claudia Vinke na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, waliwapa baadhi ya paka waliofikishwa katika kituo cha hifadhi maboksi ya kujificha, wengine wakanyimwa. Waliopata boksi walitulia haraka zaidi. Mwaka 2021 watafiti waliwaomba wafugaji wabandike sakafuni vipande vya karatasi vinavyoyadanganya macho yaone pembenne isiyokuwepo. Paka walikuja wakakaa ndani ya pembenne hiyo, karibu kama wanavyokaa ndani ya iliyochorwa kweli. Boksi halikuwepo, lakini wao walilikalia.

Na kuna siku ambapo mambo yaligeuka juu chini. Tarehe 9 Februari 2021, wakati mahakama nyingi zikiendesha kesi kwa video kwa sababu ya korona, wakili mmoja wa Texas alifika mbele ya Jaji Roy Ferguson akiwa na sura ya kipaka cheupe. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa na kichujio kilichosahauliwa, naye hakujua kukizima. Macho makubwa ya kipaka yalihangaika huku na huku, na sauti ya mtu mzima ikaeleza mahakama, kwa heshima zote, kwamba yuko tayari kuendelea na kwamba yeye si paka. Siku zote mtu huchukua uso wa paka akautilia maneno. Safari hii uso wa paka ulimvaa mtu akiwa katikati ya maneno yake. Jaji aliruhusu video itazamwe na watu wote, akaitumia kuwakumbusha mawakili wakague kompyuta zilizoshikwa na watoto, na akawasifu waliokuwemo kwa utulivu wao. Utulivu huo ndio uliokifanya kipande kile kipendwe. Hakuna aliyemdhihaki mwenzake.

Wapo wanaoyaona yote haya kuwa upotevu wa bando. Mwaka 2015 Jessica Gall Myrick, wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Indiana, aliwahoji karibu watu 7,000 kuhusu video za paka. Walisema kwamba baada ya kutazama walijisikia wana nguvu zaidi, na wasiwasi na huzuni vimepungua. Wengi walikiri pia kwamba hutazama wakati wa kazi. Hayo ni maelezo ya watu juu ya nafsi zao na yapokelewe hivyo, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali usiku, akaletewa picha ya paka na ndugu aliye mbali, hatayabishia.

Ipo hoja nzito zaidi. Mwaka 2008 Ethan Zuckerman, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa habari wa Global Voices, alieleza nadharia yake ya paka wazuri. Serikali ikifunga tovuti ya wanaharakati, alisema, watakaolia ni wanaharakati. Ikifunga mahali ambapo watu wa kawaida wanapelekeana picha za paka, imemgusa kila mtu, na mtu ambaye hakuwahi kuifikiria siasa ataanza kujifunza njia za kupita pembeni. Mfano mmoja aliokuwa nao ni Tunisia, ambayo mwaka 2007 iliwafungia wananchi wake tovuti za video. Uganda ilikuja kutoa mfano wa jirani. Julai 2018 ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, baada ya Rais Museveni kulalamikia lugambo, yaani umbeya. Waganda wakapakua programu za VPN kwa wingi, miongoni mwao watu ambao kosa lao kubwa mtandaoni lilikuwa kutuma vikatuni kwenye kundi la familia. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, nafasi yake ikachukuliwa na tozo ya bando.

Lakini hakuna tukio linaloonyesha uwezo wa uso ulio kimya kuliko la Brussels. Tarehe 13 Novemba 2015 mashambulizi ya kigaidi yalikuwa yameua watu 130 mjini Paris. Wiki moja baadaye mji mkuu wa Ubelgiji uliwekwa katika kiwango cha juu kabisa cha tahadhari. Treni za chini ya ardhi zikasimama, shule zikafungwa. Usiku wa Jumapili tarehe 22, polisi waliingia mitaani kuwasaka washukiwa, wakawaomba wananchi wasitangaze mtandaoni kile wanachokiona dirishani, kwa kuwa anayesakwa naye ana simu.

Watu wangeweza kunyamaza. Badala yake, chini ya alama ya reli iliyokuwa ikibeba habari za operesheni, wakaanza kuweka picha za paka. Paka mwenye bunduki ya mchezo. Paka aliyejificha chini ya blanketi. Paka aliyenyoosha mikono juu kama anayejisalimisha. Mamia kwa maelfu, mpaka aliyetaka kujua gari la polisi limekata kona ipi hakuona chochote ila masharubu. Jiji lililojifungia ndani kwa hofu lilikesha likicheka pamoja, kila mmoja nyumbani kwake, na siri ya polisi ikawa imefunikwa kwa manyoya.

Asubuhi yake polisi wa Ubelgiji nao walituma picha. Ilikuwa bakuli lililojaa chakula cha paka, na maneno machache kwa paka waliowasaidia usiku ule: karibuni mle.